Kuwafunza wapangaji wa kaunti kutumia modeli: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa wa mipango huku Lamu. Mwaka jana nilipelekwa mafunzo ya siku tano ya programu za modeli za maendeleo endelevu, nikarudi na cheti na flashi iliyojaa mafaili. Sasa mkurugenzi ameniambia niwafunze wenzangu kumi na wawili wa maji, uvuvi, ardhi, afya na fedha, ili mpango ujao wa kaunti wa miaka mitano usiandikwe kwa kukisia. Kusema kweli, nusu ya niliyofunzwa nimesahau. Nitumie programu gani? Na nianzie wapi?
— Afisa wa mipango, Amu

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili, nami nitaanza na la nyuma, kwa sababu hilo likikaa sawa, la programu linajijibu karibu lote.

Kusahau kusikutie haya. Mimi nimewahi kuwa upande wa pili wa kisa chako. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kufundisha maafisa zaidi ya ishirini katika hoteli moja ya pwani. Siku tano, chai ya saa nne na mahamri, projekta, programu ya kisasa. Kufikia Ijumaa kila mtu aliweza kubonyeza alichoambiwa abonyeze, na mistari ikapanda na kushuka kwenye skrini. Miezi sita baadaye niliwapigia simu mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameifungua tena. Wengine leseni ya majaribio ilikwisha baada ya siku thelathini, mmoja alikuwa amehamishiwa kaunti nyingine, mwingine kompyuta ilirudi kwa mwenyewe. Lawama ni yangu. Niliwaonyesha vitufe kabla hawajawa na swali la kuiuliza mashine.

Kwa hiyo siku ya kwanza kompyuta zibaki mikobani. Wapeleke wenzako Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Amu, kwenye nyumba yoyote ya kale ambayo bado ina birika chooni, yaani lile tangi la kujengewa la kuwekea maji. Omba ruhusa kwanza, na waingie wawili wawili. Watu kumi na watatu kwenye choo cha mtu ni mzaha. Waliangalie birika lenyewe: maji yaliyomo, mfereji unaoingiza, kata inayotoa, na wale visamaki wanaokula viluwiluwi vya mbu. Kisha waulize hivi. Asubuhi mfereji unaingiza ndoo kumi kwa saa, na watu wa nyumbani wanachota ndoo sita. Adhuhuri mfereji umelegea, unaingiza ndoo saba. Uchotaji ni ule ule wa sita. Kuanzia hapo, maji birikani yanapanda au yanashuka?

Usishangae wengi wakisema yanashuka, kwa kuwa mfereji umepungua. Yanapanda. Yanapanda polepole kuliko asubuhi, lakini yanapanda, maana saba bado inaishinda sita. Na usiwacheke. John Sterman na Linda Booth Sweeney waliwapa wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, mtihani wa namna hii, wao wakitumia beseni la kuogea, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2000 yalikuwa ya kusikitisha, ingawa wengi wa wanafunzi hao walikuwa wamesoma hisabati na sayansi. Kosa lenyewe ndilo tunalofanya kila mwaka kwenye vikao vya bajeti. Deni likikua polepole kuliko mwaka jana, mtu anasimama kusema deni limepungua. Ukataji wa mikoko ukipungua, tunaandika kwenye ripoti kwamba msitu unarudi.

Darasani mimi hutumia maneno matatu tu: kilichomo, kiingiacho, kitokacho. Fani hii, wanayoiita system dynamics, ilianzishwa na Jay Forrester hapo hapo MIT katika miaka ya 1950, mhandisi aliyehamia shule ya biashara, na vitabu vyake vina istilahi nyingi. Fundi wa bomba na karani wa fedha hawazihitaji siku ya kwanza. Wanachohitaji zaidi ya yale maneno matatu ni mshale. Birika likijaa, mtu huenda kufunga mfereji. Hapo kilichomo kimekiamuru kiingiacho, na huo ni mzunguko unaotuliza. Watu wakiongezeka, wazazi huongezeka, na watoto wakazidi kuongezeka; huo ni mzunguko unaokuza. Modeli zote kubwa za aina hii, hata zile zinazobeba malengo yote 17 ya maendeleo endelevu, ndani yake ni mabirika yaliyounganishwa kwa mifereji na mishale.

Ukitoka Mkomani wapeleke Shela, maana birika kubwa la Amu liko huko. Vile vilima vya mchanga, ambavyo mgeni huviona kama mahali pa kupigia picha jua likitua, ndivyo vinavyokunywa mvua ya masika na kuihifadhi chini, na visima vya mji vinachota humo. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, isipokuwa mpaka wake haujakatika waziwazi. Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa miaka ya 1880, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walieleza kila mmoja kivyake kanuni ambayo kila mpangaji wa kisiwani anapaswa kuijua kwa moyo: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Sasa igeuze. Ukivuta maji hadi kiwango kikashuka sentimita 10, mpaka wa chumvi kule chini hatimaye unapanda kama mita 4.

Simama kwenye neno hilo, hatimaye. Chumvi haipandi siku hiyo hiyo. Anayeonja chumvi kisimani mwaka huu huenda anaonja uvutaji wa miaka iliyopita, na siku atakayopunguza pampu, utamu hautarudi wiki inayofuata. Ukiwafundisha wenzako jambo moja tu katika mafunzo yote, liwe hili la kuchelewa. Modeli ya kompyuta tunaihitaji hasa kwa sababu akili zetu ni hodari kwa sababu na matokeo yanayofuatana papo hapo, na ni dhaifu mno pale matokeo yanapokuja miaka kumi baadaye, afisa aliyetia saini akiwa keshastaafu.

Hapo hapo vilimani, au kwenye kibaraza chenye kivuli, wape karatasi kubwa moja na kalamu za rangi. Wachore birika la Shela. Kiingiacho: mvua, na ukubwa wa mchanga ulio wazi wa kuipokea. Kitokacho: pampu za mji, visima vya hoteli na vya majumba ya watu binafsi, maji yanayojivujia baharini. Utaona jambo la kufurahisha. Afisa wa ardhi, ambaye alikuja akiamini kwamba hii ni kazi ya watu wa maji, atagundua kwamba yumo ndani ya mchoro: kila kiwanja anachokubali juu ya vilima kinagusa kiingiacho. Afisa wa afya ataleta mashimo ya vyoo. Wa fedha atauliza bei ya maji ina mshale wa kwenda wapi. Waache wabishane, hata saa nzima. Wewe chora tu wanachokubaliana, na panapobishaniwa weka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Alama hizo nyekundu ndizo orodha ya takwimu mnazopaswa kwenda kuzitafuta.

Tukija kwenye namba, anza na ndogo ambayo haimtishi mtu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 101,539 katika kaunti ya Lamu. Ya 2019 ikahesabu 143,920. Nusu ya darasa wakadirie mwaka 2029 kwa kuongeza idadi ile ile iliyoongezeka, yaani watu 42,381, watapata 186,301. Nusu nyingine wakadirie kwa asilimia ile ile ya ukuaji, karibu 3.5 kwa mwaka. Watapata kama 204,000. Sensa ni zile zile, Excel ni ile ile, na tofauti ni watu zaidi ya 17,600. Mpe kila mmoja wao lita 50 kwa siku, ambazo si za anasa, na tofauti hiyo inakuwa karibu lita 884,000 kila siku ya Mungu. Hiyo ni miundombinu mizima ya maji imejificha kwenye uamuzi ambao kwa kawaida hufanywa na karani mmoja jioni, bila kuuandika popote.

Watakuuliza, basi nani yuko sahihi? Hakuna. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilianza kazi Mei 2021, na mpango wa awali ulikuwa wa magati 32. Idadi ya watu wa 2029 inategemea meli, barabara, usalama na bei ya kiwanja huko Hindi na Mokowe, upande wenu wa bara, na hakuna sensa ya nyuma inayoyajua hayo. Hapa ndipo pa kuwatenganishia utabiri na "tuseme kwamba". Utabiri ni kazi ya watu wa hali ya hewa, nao hujitahidi siku chache mbele. Modeli ya mipango ni mashine ya kusema tuseme kwamba: tuseme bandari imekua haraka, tuseme imelala, tuseme vilima vimelindwa, tuseme nusu yake imejengwa. Kisha unaangalia uamuzi upi unavumilika katika hali zote hizo na upi unafaa katika moja tu.

Kila "tuseme" iandikwe. Fungueni jedwali moja la dhana, yaani la hizo "tuseme", lenye namba yenyewe, kipimo chake, imetoka wapi, nani kaileta na lini. Sheria ya darasa langu ni kwamba namba isiyo na mwenyewe haiingii. Na kipimo kisipuuzwe. Nilikuwa na kikundi fulani, modeli ikatuambia kisima chetu cha mfano kitakauka kabla ya Ramadhani. Tulihaha saa tatu nzima, mmoja akaanza kupendekeza bomba jipya kutoka bara. Kumbe daftari la pampu liliandika mita za ujazo kwa siku, na kijana mmoja akaziingiza kama za kwa saa. Tulikuwa tunavuta mara ishirini na nne. Tangu hapo naandika kipimo kwa wino wa rangi tofauti, na simsomei mtu grafu kabla hajanisomea vipimo vyake kwa sauti.

Kuna namba nyingine ambayo hutaipata kwenye programu yoyote iliyotengenezwa ng'ambo. Kwenu mahitaji ya maji hupanda Mfunguo Sita, Maulidi yanapoujaza mji wageni. Na Mfunguo Sita hausimami mahali pamoja kwenye kalenda ya Januari na Februari. Kila mwaka unarudi nyuma kama siku kumi na moja. Mwaka 2025 ulianza mwishoni mwa Agosti. Ifikapo 2041 utaangukia Machi, mwisho wa kaskazi, wakati vilima vimekauka na masika hayajashuka. Modeli yenye mahitaji ya "kila Septemba" itakuwa imekosea pole pole, miaka kumi na sita mfululizo, bila mtu kuona. Mpe kazi hii yule kijana wenu wa takwimu aliyesoma chuoni Qur'ani kabla ya shule. Atawashinda washauri.

Wiki ya tatu au ya nne, watu wakishaanza kuchoka na Shela, chezeni. Kuna mchezo wa mezani wa MIT unaotumika tangu miaka ya 1960, na bidhaa yake ni bia. Mimi kwa Amu nimeugeuza kuwa unga, na sidhani kama nina haja ya kueleza sababu. Watu wanne mstari mmoja: mwenye duka Kizingitini, mwenye stoo Amu, mfanyabiashara wa jumla Mombasa, na kiwanda. Hawasemezani. Kila wiki kila mmoja humpa wa mbele yake kikaratasi cha oda, na magunia huchukua wiki mbili kufika. Wateja wa Kizingitini hununua magunia manne kwa wiki. Wiki ya tano wananunua manane, na kuanzia hapo ni manane mpaka mwisho. Hakuna kingine kinachobadilika.

Angalia kinachotokea. Duka linaishiwa, mwenye duka anaagiza zaidi ya anachohitaji kwa hofu, mwenye stoo akiona oda hiyo naye anaogopa zaidi, na wiki chache baadaye kiwanda kinapokea oda ambayo haina uhusiano wowote na midomo iliyoko Kizingitini. Kisha unga wote unafika kwa mkupuo na stoo hazitoshi. Mwisho wa mchezo, kabla hujasema lolote, kila mtu achore kwenye karatasi anavyodhani wateja walikuwa wakinunua. Watachora mawimbi ya kusi. Halafu wafunulie: mstari mnyoofu, ngazi moja, mstari mnyoofu. Mara ya mwisho nilipouchezesha, afisa mmoja mtu mzima alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa wimbi." Baada ya hapo sikuhitaji kumshawishi juu ya modeli.

Mikoko ni mchezo ule ule wenye kuchelewa kukubwa zaidi. Lamu mna zaidi ya hekta 37,000, karibu tatu kwa tano za mikoko yote ya Kenya. Fito hupatikana mapema. Boriti inataka miaka mingi, na nguzo zaidi. Ukitoa vibali kwa kuangalia bei ya mwaka huu, unaagiza unga kutoka kwenye kiwanda ambacho gunia lake hufika wajukuu wakiwa wakubwa. Nenda nayo baada ya mchezo, itaingia yenyewe.

Sasa jambo ambalo mafunzo ya hotelini hayaligusi kabisa. Unakumbuka mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050. Ripoti yake ya athari za mazingira haikuwa nyembamba, na leseni ilitolewa mwaka 2016. Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likaifuta leseni hiyo, na moja ya sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wenzako waisome hukumu ile kama sehemu ya mafunzo. Hesabu inaweza kuwa nzuri kiasi gani, lakini kama nahodha wa Matondoni na mama wa Hindi hawakuona dhana zilizomo, haijakaa.

Kwa hiyo wiki moja mchoro wa Shela utoke ofisini. Waite wachache: mwenye punda wa kubeba maji, mama mwenye kisima uani, mvuvi, mwenye nyumba ya wageni. Usiwaonyeshe skrini; bandika ile karatasi kubwa ukutani na uwape kalamu nyekundu. Katika kikao kama hicho nilimsikia mzee mmoja akisema mai ya kisima chake hubadilika ladha siku za bamvua, bahari inapojaa sana, na ladha ikarudi ile ya kawaida maji mafu yakiingia, bahari inapojaa kidogo. Afisa wa maji aliyekuwa pale alikuwa akipima chumvi mara moja kwa mwezi, tarehe moja, bila kuangalia mwezi angani. Takwimu zake za miaka miwili zilikuwa zimechanganya bamvua na maji mafu, na hakuna programu ambayo ingemwambia.

Nimekuweka sana, twende kwenye programu. Wiki nne za kwanza ni karatasi na Excel, na wala usione ni duni. Birika la Shela lenye kiingiacho, kitokacho na miezi 240 linaingia kwenye karatasi moja ya Excel, na kila mmoja atalijenga kwa mkono wake. Kisha jengeni birika hilo hilo kwenye Vensim, programu ya kuchora na kuendesha modeli za namna hii. Toleo lake la PLE ni la bure kwa kujifunzia. Watashangaa kuona namba zile zile zikitoka, na hofu ya programu itakuwa imekwisha. Kabla hawajaitumia kutazama mbele, waipime kwa jana: waianzishe 2009 waone kama itafika 2019 bila kusukumwa. Isipofika, turudi kwenye jedwali la dhana, tusiguse mfereji kwa siri mpaka mstari ukubali.

Zile kubwa, chagua kwa swali. Swali likiwa ni umeme na kuni na makaa, kuna LEAP ya Stockholm Environment Institute. Ya maji ni ndugu yake WEAP, na taasisi za serikali katika nchi za kipato kama chetu hupewa leseni bila malipo. Ramani ni QGIS, ya bure kabisa, na hiyo huna hiari nayo: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yenyewe inadai kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka kumi wenye hifadhidata ya ramani za kompyuta. Kwa mikoko na kinga ya ufuo kuna InVEST ya Chuo Kikuu cha Stanford, nayo bure. Modeli pana kama T21 na iSDG za Millennium Institute ya Washington zinaunganisha uchumi, jamii na mazingira ya nchi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Kenya ilitengenezewa T21 yake kwa msaada wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ikaangalia zaidi mabadiliko ya tabianchi. Ni kazi nzuri, na wenzako waone inavyofanana na birika. Ila Lamu ndani yake ni tone, kwa hiyo usianze nayo, na mshauri akija kukuuzia "modeli ya kaunti" iliyokwisha kujengwa, muulize Shela iko kwenye mstari wa ngapi.

Usiwafundishe zote. Darasa zima lishike Excel na Vensim, halafu wawili wa maji waende na WEAP, wawili wa ardhi na QGIS. Wawili, usithubutu mmoja, kwa sababu ya uhamisho. Na faili liwe la idara, kwenye kompyuta ya idara, likiwa na lile jedwali la dhana ndani yake, ili anayekuja baada yenu asilazimike kukupigia simu Wajir.

Kuhusu siku, mkurugenzi atapenda wiki moja Malindi. Hata wenzako watapenda, na sote tunajua marupurupu yana utamu wake. Mimi mwenyewe naishi Malindi na hoteli zetu zinahitaji wageni. Kataa kwa adabu. Omba Alhamisi asubuhi kumi, hapo hapo Amu, ili kati ya Alhamisi na Alhamisi mtu aende kutafuta namba yake. Zihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 1 Septemba, siku ambayo mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kuwa umefikishwa bunge la kaunti. Mafunzo yakiisha katikati ya Agosti na aya mbili za Shela zikaingia kwenye mpango huo, zikiwa na namba na dhana zake, mwakilishi wadi akisimama kuuliza mmezitoa wapi, wako kumi na wawili wa kumjibu. Hayo ndiyo mazoezi ya mpango mkubwa, maana ule wa 2023 hadi 2027 unaelekea ukingoni na baada ya uchaguzi wa Agosti 2027 hamtakuwa na muda wa kujifunza chochote.

Alhamisi ya mchezo wa unga nialike, nitapanda basi la asubuhi mpaka Mokowe. Wewe nitafutie daftari la pampu la miezi ya kaskazi, Januari mpaka Machi, la miaka mingi kadiri utakavyoyapata, hata yakiwa yamelowa.